Picha ya albamu ndani ya video: namna ya kulainisha kingo zake

Mtu akikuletea kazi ya video ya sendofu, mkononi huja na vitu viwili: flashi yenye klipu za simu, na bahasha ya picha za karatasi. Klipu hazisumbui. Zinazosumbua ni picha mnato. Fremu ya video ni pana, pikseli 1920 kwa 1080, na picha za kwenye bahasha karibu zote zina umbo jingine. Picha ya wima ya 3 kwa 4 ukiijaza kutoka juu hadi chini inachukua upana wa pikseli 810 tu. Pembeni panabaki 555 kila upande, peusi tii. Ya mlalo ya 4 kwa 3 inaacha 240 kila upande. Matokeo yake picha inaonekana imebandikwa juu ya kioo, na jicho la mtazamaji linakimbilia ule mstari wa ukingo kabla halijafika kwenye uso wa bibi harusi alipokuwa darasa la pili.

Huku kwetu Mtwara na Lindi lipo na tatizo la pili. Hewa ya bahari, unyevu na joto haviziachii picha za karatasi. Zile zilizokaa miaka kwenye sanduku la bati Mikindani au Kilwa Kivinje huanza kuharibika pembeni: madoa ya ukungu, rangi ya njano, kona zilizoliwa na mende. Katikati, mahali penye uso, mara nyingi pamesalimika. Kwa hiyo kulainisha kingo si urembo peke yake, ni njia ya haraka ya kuficha uchakavu bila kukaa usiku kucha ukiziba madoa moja moja.

Nitataja programu kadhaa, za simu na za kompyuta, kwa majina ya vitufe kama yalivyo kwenye kioo. Ila utaratibu ni mmoja popote: kwanza amua picha inayeyukia kwenye nini, ndipo uamue iyeyuke kiasi gani. Anayeanza kwa kuvuta kitufe cha ulaini huku nyuma ya picha hakuna kitu, ataishia kuwa na wingu jeusi kuzunguka sura za watu.

Tofautisha mambo matatu

Kuna ulaini mdogo, wa pikseli 2 hadi 4. Huu ni wa picha uliyoiinamisha kidogo, ile staili ya picha zilizotawanywa mezani. Mstari ulioinama kwenye video hutoka na ngazingazi, na picha ikisogea polepole zile ngazi zinachezacheza. Ulaini mdogo unazifuta, na mtazamaji hata hatajua kwamba umefanya kitu. Picha bado itaonekana ina ukingo, kama karatasi.

Kuna ulaini mkubwa, wa pikseli 60 hadi 150 au zaidi, ambao picha inayeyuka ndani ya mandharinyuma na huoni inapoishia. Huu ndio utakaotuchukulia muda hapa.

Halafu kuna vinyeti, lile giza la kwenye kona ambalo programu nyingi hulitoa kwa kugusa mara moja. Hili halilainishi ukingo. Picha inakuwa nyeusi pembeni lakini bado inakatika kwa mstari ulionyooka, na ukiiweka juu ya mandharinyuma ya rangi utaona pande nne zote. Hali ni hiyohiyo ukiitia picha ukungu: rangi za ndani zinafifia, ukingo unabaki palepale. Kinachoyeyusha ukingo ni uwazi, yaani pikseli za pembeni kuruhusu kilicho chini kionekane, kidogo kidogo, kuanzia asilimia 100 hadi sifuri.

Mafundi wa studio za zamani walikuwa wakifanya jambo hilihili kwa mkono. Ndani ya chumba cha giza, fundi alishika kadi yenye tundu la yai kati ya mwanga na karatasi ya picha, akiitikisa muda wote ili kivuli cha tundu kisitue sehemu moja. Sura ya mtu ilitoka katikati, pembeni pakafifia kuwa peupe. Maski ya leo, yaani umbo unaloliweka juu ya picha kuamua sehemu ipi ionekane, ndiyo ile kadi.

Andaa picha kwanza

Kama una skana, picha ya sentimita 10 kwa 15 iskani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) ikiwa itatulia tu kwenye fremu. Utapata kama pikseli 1180 kwa 1770. Ukikusudia kuisogeza au kuikuza, nenda dpi 600. Picha ya paspoti, milimita 35 kwa 45, hata kwa dpi 600 inatoa 827 kwa 1063 tu, basi hiyo ipandishe hadi 1200.

Wengi hatuna skana, tunapiga kwa simu. Haidhuru. Laza picha barazani kwenye kivuli, mchana, simu ikiwa sambamba na karatasi. Usitumie flashi ya simu na usiipige ikiwa ndani ya kioo cha fremu. Utapiga paji lako la uso. Picha iliyogandia kwenye albamu zile za karatasi ya gundi usiing'oe kwa nguvu. Funua nailoni ya juu, piga ikiwa palepale.

Kisha kata. Hapa usiwe na huruma: ule mpaka mweupe wa karatasi uondoke wote kabla hujagusa maski. Ukiuacha hata kidogo, ulaini utauchukua na kuutandaza kuwa utandu mweupe kuzunguka picha, na hapo watu watadhani umefanya makusudi. Tarehe ya rangi ya chungwa iliyogongwa kona ya chini na kamera za filamu ina maamuzi yake. Kama inasomeka na ina maana kwa familia, iache ndani kabisa. Kama imekatika nusu, ipeleke kwenye eneo litakaloyeyuka.

Picha zinazokuja kwa WhatsApp zimeshapunguzwa. Mwambie mwenye nazo azitume upya kama dokumenti, siyo kama picha. "Dada, bonyeza alama ya kubandika faili, halafu dokumenti" ni sentensi utakayoirudia sana.

Chagua cha kuweka nyuma

Kinachotumika zaidi ni nakala ya picha ileile: iweke chini, ikuze hadi ijaze fremu nzima, itie ukungu mzito, ipunguze mwanga kwa theluthi hivi. Juu yake weka picha halisi yenye kingo laini. Kwa kuwa rangi ni zilezile, zinapokutana hazigombani. Kwa kazi ya haraka hii inatosha, na sioni aibu kuitumia video nzima. Tahadhari ni mbili. Ukungu ukiwa hafifu, watu watamwona bibi harusi mara mbili, mkubwa na mdogo. Na nakala ikiwa na mwanga sawa na picha ya juu, picha haisimami.

Rangi tupu nayo ni nzuri, hasa kwa picha nyeusi na nyeupe. Usiweke nyeusi kabisa. Chagua kahawia iliyokolea au kijivu chenye joto kidogo, ukiiokota ndani ya picha yenyewe kwa ile alama ya dropa. Sababu ya kuepa nyeusi nitaifikia nikizungumzia mistari ya rangi.

Kitambaa, mkeka au mbao unaweza kuvipiga mwenyewe. Mkeka wa ukili uliopigwa asubuhi, mwanga ukitokea ubavuni, ukatiwa ukungu kidogo, unabeba picha za zamani vizuri sana. Mbao nyeusi ya mpingo, hata mgongo wa kinyago cha Kimakonde kilichosuguliwa, inapendeza chini ya picha za wazee. Khanga ndiyo mtihani. Mapambo yake yana nguvu kuliko picha yoyote, na ina jina. Hadhira ya ukumbini italisoma lile jina kabla ya kuangalia picha, na ukikosea khanga mbele ya wakwe unaweza kuanzisha maneno ambayo hukualikwa kuyaanzisha. Ukiitaka lazima, kata pindo peke yake, itie ukungu hadi herufi zisisomeke.

Video ya bahari chini ya picha, mawimbi ya Shangani au ghuba ya Mikindani, wateja wanaipenda sana. Inawezekana, ila angalia mstari wa upeo wa macho. Ukipita nyuma ya ukingo laini, utaonekana unaingia kichwani kwa mtu kutoka sikioni. Piga maji peke yake, kamera ikiangalia chini, au shusha picha ili upeo upite juu yake.

Maski na hesabu yake

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na sababu ni moja. Kwenye programu nyingi ulaini wa maski hutandaa pande zote mbili za mstari wake: nusu ndani, nusu nje. Ukichora maski juu ya ukingo wenyewe wa picha, kisha ukaweka ulaini wa 80, basi 40 zinaingia ndani ya picha na 40 zinatoka nje, kusiko na picha. Mpaka ukingo unapofika, picha bado ina asilimia kama 50 ya uzito wake, halafu inakatika ghafla. Unaona mstari. Unaongeza ulaini hadi 200. Mstari bado upo, umefifia tu. Watu huilaumu programu, kumbe maski ndiyo imekaa vibaya.

Dawa ni kuivuta maski ndani. Kanuni ni nusu ya ulaini na nyongeza kidogo: ulaini 80, maski iingie ndani 45 au 50 kila upande, ulaini 120, iingie 70. Hapo mteremko wote wa uwazi unakamilika kabla picha haijaisha.

Hesabu ya pili ni ya vipimo. Ulaini unaopimwa kwenye picha yenyewe hupungua picha inapopunguzwa. Chukua picha ya simu ya 4000 kwa 3000. Ukiionyesha kwa urefu wa 900 kwenye fremu, imekuwa asilimia 30 ya ukubwa wake. Ulaini wa 80 ulioupima juu ya picha kubwa utaonekana 24 tu kwenye kioo, kama ukingo ulioguswa na kidole. Ukitaka 80 za kuonekana, weka karibu 270. Picha yenye pikseli chache, ambayo unaikuza, itakufanyia kinyume chake. Ndiyo maana namba moja uliyoipenda kwenye picha moja, ukiinakili kwenye picha zote, kila moja inatoka na ukingo wake. Njia rahisi ya kukwepa hesabu hii ni kuzipunguza picha zote ziwe na urefu mmoja, tuseme 1500, kabla ya kuziingiza. Laptopu yako nayo itashukuru.

Kwa fremu ya 1080 mimi huanza na ulaini wa kuonekana wa 70 kwa picha ya kikundi na 120 kwa picha ya mtu mmoja, kisha nasogeza kwa jicho. Picha siiruhusu iguse juu na chini ya fremu. Naiacha na urefu wa 900 hadi 960. Ikigusa, pande mbili zitayeyuka na nyingine mbili zitakatwa na fremu, na inaonekana kama umesahau. Au fanya hivyo kwa makusudi kabisa: jaza urefu wote, lainisha kushoto na kulia tu. Kwa picha ya 4 kwa 3 huwa naona ndiyo njia safi kuliko zote.

Umbo la maski: mstatili wenye kona za mviringo ufanye kuwa chaguo la kawaida. Kona kali zilizolainishwa huacha alama ya pembe ambayo jicho huikamata. Umbo la yai ni la mtu mmoja, kifua kwenda juu. Umbo la moyo nakuachia wewe na mteja wako.

Ndani ya programu

Kwenye CapCut ya simu, weka nakala yenye ukungu kwenye treki kuu, halafu ongeza picha halisi kama Overlay. Iguse, tafuta Mask, chagua mstatili. Punguza mstatili kwa vidole viwili hadi uingie ndani ya picha, kisha buruta ile alama ya mishale iliyo chini ya umbo: ndiyo ulaini. Alama ya kwenye kona ni ya kuzifanya kona ziwe za mviringo. Ukitaka pande mbili tu, badala ya mstatili chagua maski ya ukanda wenye mistari miwili sambamba, uizungushe isimame wima. Kumbuka kwamba kile kitufe cha Canvas kinachotia ukungu nyuma ya picha hakilainishi ukingo wa picha ya mbele. Kinajaza nafasi tu.

KineMaster: picha iingie kama leya, siyo klipu kuu. Ndani ya Cropping washa Mask, chagua umbo, vuta Feather.

Shotcut ni ya bure na inaenda hata kwenye kompyuta ya kawaida. Mandharinyuma iweke kwenye treki ya chini, picha treki ya juu, uiongezee filta ya Mask: Simple Shape. Usishtuke ikibaki kipande kidogo tu cha picha katikati. Panua Width na Height hadi maski ikaribie kingo, kisha panda na Softness. Filta zinafanya kazi kutoka juu kwenda chini kwenye orodha. Maski ikitangulia filta ya ukubwa na mahali, inasafiri na picha. Ikiifuata, inabaki imesimama huku picha ikisogea nyuma yake. Utaona baadaye kwa nini hilo ni muhimu.

DaVinci Resolve, hata toleo la bure, ina njia fupi: chagua picha, fungua Inspector, nenda Cropping, kata kidogo kila upande, halafu sogeza Softness. Upande wa hasi ulaini unaingia ndani ya mstari wa kukata, upande wa chanya unatoka nje yake. Kama hukukata kitu, chanya haina pa kwenda, kwa hiyo tumia hasi. Inataka kompyuta yenye nguvu, lakini.

Premiere Pro: kwenye Effect Controls, chini ya Opacity, bonyeza umbo la mstatili, panga kona zake, weka Mask Feather. Badala ya kuvuta kona kwa mkono, andika Mask Expansion kwa namba hasi, nusu ya ulaini. Ni ile kanuni yetu, imepewa kisanduku chake.

Mwenye picha nyingi za namna moja afikirie kuzimaliza nje ya programu ya video, kwa GIMP ambayo nayo ni ya bure. Fungua picha, iongezee chaneli ya alfa, ile inayobeba uwazi, kwenye menyu ya Layer, chagua picha yote, ipunguze kwa Shrink, ilainishe kwa Feather, geuza uchaguzi kwa Invert, futa. Kwenye Shrink kuna kisanduku kinachosema uchaguzi unaendelea nje ya picha. Kikiwa na tiki, kingo hazitapungua, na utabaki unashangaa. Mwisho hifadhi kama PNG. JPEG haibebi uwazi, itajaza palipofutwa kwa rangi moja na kazi yote imekwenda. Na kama PNG yako ikionekana na uzi mweusi au mweupe kuzunguka ukingo ndani ya programu ya video, tafuta mpangilio wa alfa wa faili hiyo na ubadilishe kati ya Straight na Premultiplied. Mmoja kati ya hiyo miwili utauondoa.

Nani amesimama pembeni?

Programu haitakuuliza swali hili, jiulize mwenyewe. Picha za familia zetu watu hujipanga hadi mwisho wa karatasi. Picha ya ziara ya shule Kilwa Kisiwani, darasa zima mbele ya magofu ya Msikiti Mkuu, ina watoto kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukiitia ulaini wa 120, umewafuta wanafunzi wanne, na mmoja wao ndiye anayeoa Jumamosi. Shangazi aliyesimama mwisho kabisa wa mstari atakuwepo ukumbini, kiti cha mbele, na swali lake litakuja kwa sauti: "Baba, mimi mbona hamkuniweka?"

Kwa picha za hivyo tumia ulaini wa kiasi, 20 hadi 30, au zidisha nafasi. Kuzidisha nafasi ni hivi: weka nakala ya picha chini yake palepale, urefu uleule, itanue kwa upana tu asilimia 15, itie ukungu. Mtu wa pembeni sasa anayeyukia kwenye rangi za nguo yake mwenyewe badala ya kuyeyukia gizani, na sura yake inabaki. Au acha ukingo mkali na fremu nyembamba nyeupe, uiheshimu kama karatasi. Si kila picha inataka kuyeyushwa.

Angalia pia vitu, siyo watu tu. Picha iliyopigwa mbele ya Boma la Mikindani, lile jengo la Wajerumani la 1895, mara nyingi ina kipande cha jengo pembeni, na hicho kipande ndicho kinachowaambia watu picha ilipigwa wapi. Sogeza maski upande mmoja. Hakuna sheria kwamba ulaini uwe sawa pande zote nne.

Na ukishayeyusha, ondoa kivuli. Kivuli kinasema hii ni karatasi imelala juu ya kitu. Ukingo laini unasema hakuna karatasi. Vyote viwili kwa pamoja vinaleta uchafu.

Picha ikitembea

Ukikuza picha polepole ili isikae kimya, chagua maski ifuate nini. Ikisafiri na picha, ulaini unakua pamoja nayo na mtazamaji anahisi picha nzima inamsogelea. Ikibaki palepale, picha inapita nyuma ya dirisha lenye kingo laini, na unaweza kumtembeza macho kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu bila ukingo kuonekana kamwe. Njia ya pili ninaipenda zaidi kwa picha za vikundi, kwa sababu unaweza kuanza na kumaliza mbali na ukingo. Kwenye Premiere na Resolve, njia rahisi ya kuipata ni kuifunga picha inayotembea ndani ya klipu ya pamoja, kisha kuweka maski juu ya klipu hiyo.

Kubadilishana picha mbili laini kwa kufifisha kuna ubaya wake. Katikati ya ubadilishaji kila moja ina asilimia 50. Zikiwa zimepandana, zinafunika asilimia 75 tu. Robo iliyobaki ni mandharinyuma inayochungulia kupitia sura za watu. Unaona kama mwanga unashtuka. Afadhali uiache picha ya kwanza ikiwa kamili, uipandishe ya pili juu yake kutoka sifuri hadi mia, halafu ndipo uifute ya kwanza taratibu. Kama ya kwanza ilikuwa pana na ya pili ni nyembamba, mabega ya ile ya kwanza yatabaki kuonekana pembeni kwa muda mfupi kisha yataondoka. Inapendeza kuliko ule mshtuko.

Mistari ya rangi, ukumbi, na faili la mwisho

Video za kawaida zina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Ukingo unaotoka kijivu cha 40 kwenda nyeusi ya 0 ndani ya pikseli 240 una ngazi 40 tu, kila moja upana wa pikseli 6. Jicho linaziona kama mistari, na faili ikishabanwa zinazidi. Ndiyo sababu nilisema uepuke nyeusi kabisa. Mandharinyuma yenye nyuzi za kitambaa au mkeka inaficha ngazi hizo. Kama umechagua rangi tupu, ongeza chembechembe kidogo sana juu ya kila kitu, kiasi kwamba ukisimamisha video ndipo unaziona.

Toa faili kwa 1920 kwa 1080, kwa mfumo wa kubana video wa H.264, fremu 25 kwa sekunde, kasi ya data isiwe chini ya megabiti 12 kwa sekunde. Ijaribu mahali itakapoonyeshwa. Projekta ya ukumbini, taa zikiwa zimewashwa na pazia ni shuka, hula giza lote: mteremko uliokuwa mzuri kwenye laptopu unakuwa kijivu kimoja, na picha inaonekana ndogo kuliko ulivyoipanga. Kwa ukumbi wa namna hiyo pandisha mwanga wa mandharinyuma na punguza ulaini kwa robo. Kwa TV ya nyumbani angalia jingine: baadhi hukata kidogo pande zote za fremu, kwa hiyo maandishi na sura visikae mwishoni.

Toleo la kurushwa kwenye kundi la familia litoe peke yake, fupi zaidi, lenye chembechembe kidogo kuliko la ukumbini kwa sababu zinakula data na zikibanwa zinageuka matope. Litume kama dokumenti. Wakikuambia halifunguki, ndipo ulitume kama video ya kawaida, na la ukumbini ulikabidhi kwa flashi, mkononi, kabla ya siku ya sherehe.